Anzia ghalani, SPSS itafuata

Fungua rafu la ripoti za utafiti za shahada ya kwanza katika sayansi ya siasa uhesabu ni ngapi zina sampuli ya watu 100. Si 90, si 130. Chanzo ni fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, n = N / (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya kundi zima na e ni kosa unalovumilia. Mwanafunzi huinakili kwenye ripoti ya waliomtangulia, huweka e kuwa 0.1, na jibu linatoka 100. Weka wakazi wote wa Mkoa wa Mtwara kwa Sensa ya 2022, yaani 1,634,947: unapata 100. Weka Watanzania wote 61,741,120: unapata 100 ileile. Na humo wamo hadi watoto wachanga, wakati utafiti unahusu wapiga kura. Msimamizi akipitisha hesabu hiyo bila kuuliza neno, semista nzima ya mbinu za utafiti imekwenda na maji.

Wenzangu mnaoanza kufundisha somo hili huku Kusini, wanafunzi wenu wajue kwanza sampuli inatoka wapi na swali linapima nini. Fomula na programu za takwimu kama SPSS zije baadaye. Kwa bahati, nusu ya darasa imekulia kwenye korosho na inajua kwamba mpima ubora ghalani hawezi kutoboa gunia la juu tu, akaangalia korosho zake, akatoa daraja la mzigo mzima. Anza na hilo.

Chukua korosho ghafi 200 (omba kwa mkulima, usiende kuzitafuta kwa kangomba, wanunuzi wa magendo), weka alama ya kalamu kwenye 120, tia kwenye mfuko, tikisa. Darasa lisiambiwe ni ngapi zenye alama. Kila kikundi kitoe 20 bila kuangalia, kihesabu zenye alama, kirudishe, kipokeze mfuko kikundi kinachofuata. Majibu yaandikwe ubaoni kwa nukta. Karibu robo tatu ya vikundi vitapata kati ya 10 na 14. Wengine 8, wengine 16, na hakuna aliyekosea kuhesabu. Kisha unganisha majibu ya vikundi vinne vinne ili kila fungu liwe la korosho 80. Nukta zitasogeleana, upana wake utapungua takriban nusu. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho kwamba kupunguza kosa kwa nusu kunadai sampuli mara nne. Jaribio hili linachukua kipindi kimoja na linafanya kazi ambayo mihadhara mitatu ya nadharia haifanyi.

Sasa rudi kwa Yamane. Fomula hiyo inadhani umechagua watu kwa bahati nasibu tupu kutoka kwenye orodha kamili, na kwamba unataka kadirio moja tu la asilimia kwa kundi zima. e ya 0.1 maana yake ni kuvumilia kosa la pointi 10 kila upande: ukipata 52% wanaunga mkono jambo, ukweli unaweza kuwa 42 au 62. Ukitaka kulinganisha wanawake 50 na wanaume 50, kosa la kila kundi ni karibu pointi 14. Ripoti isemayo wanawake 48% na wanaume 55%, kisha ikaandika kurasa tatu za sababu za tofauti hiyo, imeeleza upepo.

Halafu kuna suala la vijiji, ambalo wengi hulipita haraka. Hakuna anayechagua watu 400 mmoja mmoja mkoa mzima, nauli ya bodaboda haitoshi. Tunachagua vijiji kwanza, kisha watu ndani yake. Lakini majirani hufanana kisiasa: wako AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima), wanasikiliza mwenyekiti mmoja, wanalipwa korosho siku moja. Kwa hiyo mtu wa ishirini katika kijiji kilekile anakuongezea habari kidogo kuliko wa kwanza. Hesabu yake ni 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni watu unaowahoji kila kijiji na ρ ni kiasi cha kufanana kwao. Chukua ρ ya 0.05. Vijiji 20 vya watu 20 vinakupa 1.95, yaani ukigawa 400 kwa namba hiyo, watu wako wana uzito wa 205 hivi na kosa ni karibu pointi 7. Vijiji 40 vya watu 10 vinakupa 1.45, uzito wa 276, kosa chini kidogo ya 6. Idadi ya watu ni ileile. Mwanafunzi mwenye fedha ya siku chache achague vijiji vingi vyenye watu wachache, hata ikimlazimu kupunguza jumla. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, hufanya hivyo: huhoji watu 8 tu kila eneo, na sampuli ya 1,200 hutawanywa kwenye maeneo 150.

Kijijini, barua ya chuo ipite ofisi ya mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Hapo ndipo sampuli nyingi hufia. Mtendaji au mwenyekiti, kwa ukarimu kabisa, atasema, "Nitawaitia watu wazuri wa kujibu." Mwanafunzi afundishwe kushukuru na kuomba daftari la wakazi badala yake. Kijiji kina kaya 300 na anataka 10: nafasi ni 30. Achague kwa kura namba kati ya 1 na 30, ikitoka 17, aende kaya ya 17, 47, 77 na kuendelea. Ndani ya kaya, wenye miaka 18 na zaidi waandikiwe vikaratasi, mmoja achukuliwe. Asiyekuwepo arudiwe mara mbili kwa saa tofauti kabla ya kubadilishwa, na waliokataa waandikwe. Ukiwahoji waliopo tu saa nne asubuhi, umewahoji wazee na wagonjwa.

Msimu nao una maneno yake. Oktoba hadi Desemba watu wako mikorosho, wengine wamehamia mashambani kabisa. Na kuridhika na serikali kabla ya malipo ya mnada wa korosho si sawa na kuridhika baada yake. Nusu ya vijiji ikihojiwa kabla na nusu baada, utadhani umegundua tofauti ya Newala na Tandahimba kumbe umegundua tarehe ya malipo.

Hojaji huandikwa Kiingereza kwa ajili ya msimamizi, ikatafsiriwa usiku wa kuamkia safari. Igeuzeni kazi ya darasa: mmoja atafsiri kwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya kwanza airudishe, walinganishe. Kisha wajaribu kwa watu watano au sita wa Magomeni au Mikindani, wakiuliza baada ya kila jibu, "Umeelewa nimekuuliza nini?" Swali kama "Je, mwenyekiti na mtendaji wanafanya kazi vizuri?" litaanguka hapo hapo, maana mmoja kachaguliwa na mwingine kaajiriwa, na mtu anaweza kumpenda mmoja tu. Mwisho wa mahojiano mhojiwa aulizwe anadhani nani kawatuma wanaomhoji. Wengi watasema serikali, hata baada ya kuonyeshwa barua ya chuo. Linganisha majibu yao na ya wengine kabla ya kutangaza kwamba wananchi wana imani kubwa na viongozi.

Kwenye kuingiza data, jambo moja tu. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, usiwaruhusu waandike "sijui" kama 9. Tuseme watu 92 wana wastani wa 3.0 na 8 wamesema sijui. Ukiandika 99, wastani unaruka hadi 10.68 na kila mtu anashtuka. Ukiandika 9, unakuwa 3.48, na hakuna anayeshtuka. Acheni nafasi wazi.

Mada ambayo kila mwaka mtu ataileta ni gesi. Vurugu za Januari na Mei 2013 kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam, kisha uchaguzi wa 2015 jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF: mwanafunzi anaunganisha, anamaliza. Usimkatalie, mpe jedwali la safu mbili. Kata zilizo karibu na miradi ya gesi na kata za mbali, mwaka 2010 na 2015. Kwa namba za kubuni, upinzani karibu na gesi umetoka 30% hadi 46%, mbali umetoka 28% hadi 40%. Ongezeko ni 16 na 12, hivyo kinachoweza kudaiwa kuwa cha gesi ni pointi 4, si 16. Zile 12 zimekuja na upepo wa nchi nzima. Tena ahesabu kura za upinzani wote, si za CUF peke yake, kwa sababu 2015 vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani, viliachiana majimbo, na kura za chama kilichoachiwa zingeweza kupanda hata kama hakuna mpiga kura mmoja aliyebadili mawazo. Na matokeo ya kata hayasemi nani ndani ya kata alipiga vipi. Kwa hilo inabidi kuwahoji watu.

Programu nimeiacha mwisho makusudi. R, programu ya kuchambua takwimu, ni ya bure na inatosha. SPSS ya kuibia huja na virusi na hugoma wiki ya kuwasilisha. Darasa likiwa na kompyuta chache, watatu kwa kompyuta moja ni sawa, ila anayeandika abadilishwe kila dakika 20, la sivyo anayejua ndiye atakayejua zaidi. Weka R na paketi zake zote (nyongeza za programu) kwenye flashi kabla ya kipindi, usitegemee intaneti ya chuo kwa watu 40 wanaopakua kwa pamoja.