Maswali ya Wasomaji: Tuuze usanifu au tuuze chipu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili, wote wahandisi tunaoishi Munich, tumesanifu saketi ndogo ya analogi inayobadili mawimbi ya kihisi kuwa namba, nayo inatumia umeme kidogo sana. Kampuni moja inayotengeneza chipu za visaidizi vya kusikia inataka leseni ili iitie saketi yetu ndani ya chipu yake. Nyingine, inayotengeneza mita za maji, haina wahandisi wa chipu na itanunua chipu iliyokamilika tu. Fedha zetu zinatosha jambo moja. Tuchague lipi? – Msomaji, Munich

JIBU: Ndugu zangu, kabla ya kuuliza ni njia ipi inayolipa zaidi, ulizeni ni nani atakayebeba hasara chipu isipofanya kazi. Katika leseni, hasara hiyo huwa ya mnunuzi kwa sehemu kubwa. Katika chipu iliyokamilika, ni yenu tangu maski za kuchapia saketi hadi chipu ya mwisho iliyorudishwa na mteja.

Wengi wanaopendelea leseni huitaja kampuni ya Arm, muuzaji wa leseni za usanifu wa chipu, iliyoundwa Uingereza mwaka 1990 na Acorn, Apple na VLSI Technology, ambayo wateja wake hulipa ada ya kuanzia na kisha mrabaha kwa kila chipu. Mfano ni mzuri, lakini uchukuliwe pamoja na hesabu zake. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, wateja wa Arm walitoa chipu zaidi ya bilioni 30, ilhali mapato yake yote hayakufika dola bilioni 2.7, yaani chini ya senti kumi kwa kila chipu, ada zikiwa ndani yake. Ninyi hamna bilioni. Tuseme mteja wenu anatoa chipu laki mbili kwa mwaka na kuwalipa senti tano kwa kila moja: hizo ni dola elfu kumi, ambazo hazitoshi mshahara wa hata mmoja wenu hapo Munich. Kwa hiyo mkiuza leseni, riziki yenu itatoka kwenye ada ya kuanzia, na mrabaha muuhesabu kuwa nyongeza.

Kuna tatizo la pili, ambalo wauzaji wa usanifu wa kidijitali hawalipati kwa ukali huohuo. Usanifu wao ni msimbo unaoweza kuhamishiwa kiwanda kingine kwa kazi ya wastani. Wenu, kwa kuwa ni wa analogi, umefungwa kwenye mchakato wa kiwanda kimoja, na mteja wa pili akitumia mchakato wa nanomita 22 badala ya 65 (namba ndogo ni saketi ndogo zaidi), mtasanifu upya karibu kila kitu.

Chipu iliyokamilika nayo ina mzigo wake. Mita ya maji hukaa ardhini miaka kumi na zaidi kwa betri moja, na ndiyo maana saketi yenu imewavutia, lakini mnunuzi huyo atataka ahadi ya kuuziwa chipu ileile kwa miaka mingi. Mtalipia maski, ufungashaji, upimaji wa kila chipu na akiba ya ghalani, na mteja atauliza, kwa haki kabisa, kama watu watatu watakuwepo bado wakati huo.

Maoni yangu ni kwamba muanze na leseni, ila iwe nyembamba. Iishie kwenye visaidizi vya kusikia, isiwe ya mteja huyo peke yake, na ada ilipwe kwa hatua: wakati wa kutia sahihi, wakati wa kukabidhi mafaili, na chipu inapofanya kazi. Sehemu ya kwanza ya ada itumike kutengeneza chipu ya majaribio kupitia huduma kama Europractice, ambako wasanifu wengi hugawana gharama ya maski, kwa sababu wanunuzi makini wa saketi ya analogi hawaridhiki na matokeo ya kompyuta peke yake. Chipu hiyohiyo ndiyo mtakayompelekea mwenye mita. Akikubali kuwalipia maski, geuzeni mpangilio na muanze naye.

Msikae na mnunuzi mmoja kwa muda mrefu. Aprili 2017 Imagination Technologies ya Uingereza ilitangaza kwamba Apple, iliyokuwa ikiipatia karibu nusu ya mapato, ingeacha kutumia usanifu wake wa saketi zinazochora picha kwenye skrini. Hisa zake zilishuka kwa zaidi ya nusu siku ileile, na mwaka haukuisha kabla kampuni haijauzwa.

Hamkusema kama mmeajiriwa. Kwa sheria ya Ujerumani, mwajiriwa aliyefanya uvumbuzi unaoweza kupewa hataza na unaohusiana na kazi yake hana budi kumwarifu mwajiri, na mwajiri asipouachia ndani ya miezi minne huhesabiwa kuwa ameuchukua. Hata uvumbuzi alioufanya nje ya kazi yake kwa kawaida unatakiwa kuarifiwa. Mwanasheria wa mnunuzi atauliza jambo hili katika kikao cha kwanza, kwa hiyo pateni barua ya kuachiwa kabla hamjajibu kampuni yoyote kati ya hizo mbili.