Parachuti ya gari la mbio: usingoje breki zilemewe

Swali: Habari mhandisi. Nina Subaru Impreza niliyoiongezea nguvu, na kwenye mbio za robo maili navuka mstari wa mwisho nikiwa kilomita 240 kwa saa. Fundi wangu hapa Nakuru amenitafutia parachuti ya mitumba ya wanajeshi ya kupunguzia mwendo, anataka kuifunga kwenye ndoano ya nyuma ya kuvutia gari. Anasema niivute breki zikilemewa. Je, niivute nikiwa spidi gani?

Jibu: Ndugu yangu, ivute unapovuka mstari, spidi ikiwa bado ya juu kabisa. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani gari likiwa limenyooka, vuta, usubiri ule mshtuko wa nyuma, ndipo ukanyage breki polepole. Ukitangulia breki, uzito unakimbilia mbele na tairi za nyuma zinakuwa nyepesi wakati ule ule parachuti inapovuta.

Hili la "breki zikilemewa" nalisikia kila wiki na linanikera sana. Nguvu ya parachuti hufuata mraba wa spidi. Ukishuka kutoka 240 hadi 120, imebaki robo tu; ukifika 80, moja kwa tisa. Kwa hiyo anayengoja breki zichemke anavuta kitambaa kisichomsaidia, na lami inamwishia. Tena wewe uko Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko Mombasa. Kwa spidi ile ile, parachuti ile ile itakuvuta kwa nguvu ndogo zaidi. Hata Kisumu inapungua kwa kama asilimia 10.

Parachuti ya wanajeshi irudishe. Mtu akishuka nayo, yeye mwenyewe hupunguza mwendo mara moja na mzigo kwenye kamba unashuka. Gari la kilo 1,300 halipungui mwendo haraka hivyo, kwa hiyo kitambaa na kamba zinabeba mzigo mzito kwa muda mrefu, mishono ikaachia. Halafu ile ya duara humwaga hewa pembeni, ikayumba kushoto na kulia huku ikitikisa mkia wa gari. Za magari nyingi zimekatwa kwa umbo la msalaba ili hewa ipite katikati ya mikono yake na zitulie.

Na ndoano? Kwenye magari mengi hiyo iko upande mmoja wa bampa, na hufungwa kwa nyuzi za bolti. Parachuti ikivuta kutoka upande, inageuza gari. Mkanda wa parachuti ufungwe katikati, kwenye mabano (vishikizo vya chuma) yaliyoshikwa na chesisi kwa bolti za chuma kigumu, si kwenye bampa wala mfuniko wa buti. Urefu wake kutoka chini ulingane na kitovu cha uzito wa gari. Ukifunga juu mno, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mtupu; ukifunga chini mno, nyuma inanyanyuka. Angalia pia ekzosi yako inatokea wapi: nailoni huyeyuka kati ya nyuzi 215 na 265 za Selsiasi, na moto wa turbo unapita hapo bila shida.

Mafundi wanaouza kazi hii kama pambo wanatuumiza. Parachuti inayoning'inia nyuma kwa ajili ya picha, iliyokunjwa mwaka jana na kuachwa juani, ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu dereva anaiamini na kupunguza ukubwa wa breki. NHRA, chama cha mbio za robo maili cha Marekani, huidai parachuti kuanzia maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241, na mbili kuanzia maili 200. Lakini breki lazima ziwe na uwezo wa kulisimamisha gari zenyewe, maana siku moja parachuti haitafunguka.

Sababu ya kutofunguka mara nyingi ni ndogo: pini ya usalama, ile inayoizuia isifunguke kabla ya wakati, imesahaulika. Ifunge kitambaa chekundu kirefu, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu, kuitoa gari likiwa foleni ya kuanza na kukuonyesha mkononi. Kila baada ya kuitumia, ikung'ute mchanga, ikaushe kivulini, kagua kila kamba hadi kwenye mshono, ndipo uikunje upya. Jaribio la kwanza lifanye kwa 160, barabara tupu, hewa tulivu, mwenzako akipiga video ya pembeni. Utazame kama inaelea sawasawa nyuma ya gari au inaburuta lami. Ikiburuta, rekebisha mabano kabla ya kuongeza spidi.