Nitajuaje kama mlinganyo ni fankisheni bila kuchora grafu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Masasi, nasoma kidato cha tatu. Tumepewa x² + y = 9 na x + y² = 9, tuseme upi ni fankisheni. Mimi naona ni kitu kilekile, kipeo tu kimehama. Naweza kujua bila grafu?

Jibu: Marahaba. Unaweza, na huko kuhama kwa kipeo ndiko kunakoamua kila kitu.

Sharti ni moja: kila x inayoruhusiwa itoe y moja tu. Chukua mizani ya chama cha msingi cha ushirika wakati wa korosho: gunia ni x, kilo zinazosomeka ni y. Magunia mawili yakisoma kilo 80 kila moja, hakuna tatizo. Lakini gunia lilelile likisoma 80 na 76 kwa mpigo, hakuna mkulima wa Masasi atakayekubali.

Sasa ibakize y peke yake. Mlinganyo wa kwanza unakuwa y = 9 − x². Weka x yoyote, unapata y moja tu. Ndiyo, x = 2 na x = −2 zote zinatoa 5, ila hayo ni magunia mawili yenye uzito sawa. Wengi huukataa mlinganyo hapo na kupoteza alama bure.

Wa pili unatoa y² = 9 − x. Weka x = 5: y² = 4, kwa hiyo y ni 2 au −2. Siyo fankisheni, na mfano huo mmoja umemaliza kazi. Ila ungeanza na x = 9 ungepata y = 0 tu, ukadhani mambo safi. Mfano mmoja unatosha kukanusha. Kuthibitisha hautoshi hata ukijaribu kumi. Ili uthibitishe, lazima uonyeshe kwamba x yoyote ile haiwezi kutoa y mbili.

Utaambiwa pia kwamba y yenye kipeo shufwa siyo fankisheni, yenye witiri ni fankisheni. Nakusihi usiitegemee kanuni hiyo. Kwa y³ = x inakubali, maana kila namba halisi ina kipeuo cha tatu kimoja tu. Lakini jaribu y³ − y = x, uweke x = 0. Unapata y(y − 1)(y + 1) = 0, na y zinakuwa tatu: 0, 1 na −1. Halafu y² + 2xy + x² = 0 ina kipeo cha pili, ila ukiichambua ni (y + x)² = 0, yaani y = −x. Mstari mnyoofu, fankisheni kabisa.

Ukikutana na xy = 12, usiogope kwamba x = 0 haitoi y. Sifuri inaondolewa tu kwenye kikoa, yaani zile x zinazoruhusiwa. Zilizobaki kila moja ina y yake.

Kwenye mtihani usiandike "siyo fankisheni" ukaishia hapo. Andika (5, 2) na (5, −2), msahihishaji azione.