Maji ya kisima yasirudi kwenye laini ya DAWASA

Dada wa Tabata, umesema maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) yakikatika, bomba la jikoni linatoa maji ya chumvi ya kisima chako, na fundi kakwambia ni kawaida. Si kawaida hata kidogo. Pampu ya kisima inaweza kusukuma maji hayo hadi laini ya mtaa, na jirani akayanywa.

Dawa hasa ni kutenganisha maji ya kisima na ya DAWASA: bomba la DAWASA limwage maji kwenye tanki kwa juu, mdomo wake usiguse maji kamwe hata tanki likifurika. Kwa bomba la nusu inchi, acha nafasi ya sentimita 2.5 au zaidi.

Kama hela haijatosha, kwa sasa weka valvu ya kuzuia maji kurudi, baada ya mita, mshale wake ukielekea nyumbani. Mwombe fundi aweke kakoki kadogo kati ya koki kuu na valvu. Funga koki kuu, washa pampu, fungua kale kadogo: maji yaliyobaki yatatoka, yaishe. Yakiendelea kuchuruzika, huenda valvu haizibi, au koki kuu yenyewe inapitisha. Mimi nilikuta kipande cha tredi tepu (utepe wa kuzibia maungio ya bomba) kimenasa ndani ya valvu; nikasafisha, nikapima tena, pakakauka.

Usiwashe pampu hiyo kabla hujarekebisha, tafadhali.