Maswali ya Wasomaji: Mbigili Hazichagui Tairi

Barua za safari hii zimetoka kwa waendesha baiskeli za milimani wa Dodoma na jirani zake. Zaidi ya nusu zinalia na pancha, kwa hiyo tumeanza na hilo na kulipa nafasi kubwa.

Habari za kazi, wahariri. Naendesha kutoka Kisasa kuelekea vilima vya UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Pancha haziishi; naweza kutoka kwa fundi asubuhi na jioni tyubu iko chini tena. Tairi ni jipya. Nibadilishe tairi au fundi?
*Msomaji, Kisasa*

Usimlaumu yeyote kati yao kwanza. Anayekusumbua ni mbigili, ule mmea unaotambaa pembezoni mwa njia na kwenye viwanja vilivyoachwa wazi. Tunda lake likikauka hugawanyika vipande vigumu vyenye miiba, na kipande kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hubaki umeelekea juu. Mvua ikishakatika, mwezi wa tano hivi, mmea unakauka na vipande vinasambaa. Kuanzia hapo hadi mvua za Desemba, tairi jipya na kuukuu yote ni sawa mbele yake.

Ila pancha inayorudi siku hiyohiyo kwa kawaida ni mwiba uleule. Tyubu imezibwa, ncha imebaki ndani ya tairi, na kilomita mbili mbele inatoboa palepale. Kabla ya kuvua tairi, angalia maandishi ya ubavuni yapo wapi ukilinganisha na valvu. Ukishalipata tundu kwenye tyubu, pima umbali wake kutoka kwenye valvu, kisha rudi kwenye tairi kwa kipimo kilekile: mwiba uko hapo, upande mmoja au mwingine wa valvu. Baada ya hapo pitisha kitambaa chepesi au pamba ndani ya tairi zima. Kidole kinaruka ncha fupi, pamba inanasa.

Kwenye kuziba, watu huharibu kwa haraka. Kwangua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka hadi ule mng'ao wa mpira uishe. Paka sulisheni, ile gundi ya kiraka, nyembamba, si rundo. Subiri dakika tano, hadi ukigusa pembeni isinate tena. Ukiweka kiraka ikiwa bado mbichi, kitabanduka tairi likipata joto la mchana. Bana kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Na kichupa cha sulisheni kikishafunguliwa hukauka chenyewe, hata ukikifunga vizuri. Kikague kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu porini kichupa kikavu ni mzigo tu.

Ukikuta mashimo mawili madogo yamekaa sambamba, huo si mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Hapo dawa ni pampu.

Sasa kinga. Njia ya bei nafuu ni kuweka kati ya tairi na tyubu utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Inafanya kazi, lakini kingo za utepe husugua tyubu mpya hadi kuitoboa, kwa hiyo zichonge ziwe nyembamba na upake poda. Baiskeli itakuwa nzito kidogo. Njia bora kwetu ni dawa ya kuziba, ile ya majimaji. Kwenye tyubu ya inchi 26 tia mililita 100 hadi 120, na lazima valvu iwe ya kufunguka sindano, kama ile ya gari. Kwenye tairi lisilotumia tyubu, la inchi 29, tia kiasi hichohicho. Ukichomwa, chomoa mwiba, zungusha gurudumu ili tundu likae chini, subiri dawa ikusanyike hapo, kisha ongeza upepo. Inaziba matundu ya mbigili bila shida. Ubavu uliochanwa na mwiba mrefu wa mgunga hauwezi kuuziba, hivyo beba tyubu moja ya akiba hata kama tairi lako halitumii tyubu.

Dawa nyingi za aina hii hukauka kwa joto. Kiangazi cha Dodoma kinaimaliza ndani ya miezi miwili au mitatu. Vua gurudumu, litikise karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza ndani, ongeza.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nimehamia Area D. Nianzie wapi, na nielekee upande gani?
*Msomaji, Area D*

Marahaba. Hapa hakuna njia zilizochongwa maalumu kwa baiskeli kiasi cha kukufanya usiangalie kitu kingine. Utatumia vijia vya watu na mapito ya mbuzi na ng'ombe, na hivyo ni vingi na ni vizuri. Anza na vilima vya UDOM, kilomita nane hivi mashariki ya katikati ya mji: unapata mpando, mawe na mteremko bila kwenda mbali na maji wala usafiri. Ukishazoea, nenda vilima vya Ntyuka upande wa kusini, ambako mawe ni makubwa zaidi na makosa yanauma. Siku ya mwendo mrefu, Hombolo inatosha: kama kilomita 40 kwenda, kuna bwawa, na njia za udongo ni nyingi kuliko za miamba.

Kuhusu upande, fuata upepo. Kiangazi upepo wa Dodoma huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki na huzidi kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo toka ukielekea mashariki alfajiri, ungali na nguvu, urudi ukisukumwa mgongoni. Wanaofanya kinyume huonekana saa 6 mchana wakikokota baiskeli karibu na Nala, magharibi ya mji.

Kuna barabara ya mzunguko wa nje, ya kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Imevikata vijia vingi vya zamani, kwa hiyo usiiamini ramani ya simu peke yake, muulize mchungaji. Kambi za jeshi, Mji wa Serikali Mtumba na eneo la Ikulu Chamwino, kaa mbali na uzio na usipige picha. Na kuanzia Desemba vijia vingi hupita katikati ya mtama na uwele wa watu. Kijia kikishalimwa, hakipo. Zunguka.

Kwenye makorongo ya mchanga gurudumu la mbele linazama na kunitupa. Nakosea wapi?
*Msomaji, Nkuhungu*

Karibu kila anayeanguka kwenye mchanga amefanya mambo mawili: ameshika breki ya mbele na amekata kona. Badilisha gia iwe nyepesi kabla ya kuingia, ingia na mwendo, sogeza makalio nyuma, kisha piga pedali bila kusita. Shika usukani kwa ulegevu. Gurudumu litayumba, liache liyumbe. Ukitaka kugeuka, elemea upande huo kwa mwili badala ya kukunja usukani.

Upepo wa tairi nao una sehemu yake. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana la inchi 2.2 na tyubu ndani anafaa kuwa na psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 30 hadi 35 kwenye ardhi ngumu. Mchangani psi 22 hadi 25 ni tamu, lakini ukitoka mchangani kuingia kwenye mawe, jaza tena, ama utarudi kwenye yale mashimo mawili tuliyomweleza ndugu yetu wa Kisasa.

Msimu wa mvua usipumzike ndani ya korongo. Maji huja kutoka juu hata kama ulipo hakujanyesha.

Fundi wangu anapaka cheni oili chafu ya pikipiki. Ni sawa?
*Msomaji, Chang'ombe*

Hapana. Oili nzito inanasa vumbi, na vumbi la hapa likichanganyika na oili linakuwa msasa wa majimaji unaokula cheni na meno. Futa cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye kila pingili, zungusha pedali nyuma kwa dakika moja, halafu futa yote ya nje. Cheni inayong'aa kwa mafuta imepakwa kupita kiasi.

Kupima uchakavu chukua rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Inchi 12 lazima iangukie katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepitiliza kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ikifika 1/8, meno ya nyuma nayo yameshaliwa, na cheni mpya itaruka juu yake.

Nataka baiskeli ya mtumba. Nikague nini?
*Msomaji, Kikuyu*

Fremu kwanza: safisha maungio yaliyo nyuma ya usukani na chini ya kiti, tafuta ufa au rangi iliyopasuka kwa mstari. Ukiuona, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Bonyeza shokapu za mbele: zikigoma kurudi au zikivuja mafuta, ziuzwe kwa mwingine. Breki za mafuta, shika mkono wa breki kwa nguvu nusu dakika. Ukizama polepole, kuna uvujaji. Kwa anayeanza, breki za waya ni afadhali kwa sababu fundi yeyote ana waya. Tairi na tyubu za inchi 26 ndizo rahisi kuzipata madukani.

Je, matairi yetu yanaharibu ardhi? Huku kwetu tunaambiwa tuache vilima vipumue.
*Msomaji, Kondoa*

Huko kwenu mna sababu ya kuuliza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Tairi halilingani na kundi la ng'ombe, lakini mfereji wake kwenye mteremko wenye udongo laini unaongoza maji ya mvua inayofuata. Usiteremke moja kwa moja pasipo na kijia, usifunge gurudumu la nyuma kwa breki, na baada ya mvua subiri udongo ukauke. Kipimo: kama alama ya tairi inaonekana kina cha nusu kidole, rudi nyumbani.

Nikikutana na ng'ombe kijiani?
*Msomaji, Msalato*

Simama, shuka, simama upande mmoja, msalimie mchungaji na umwache apite. Kengele inawatawanya na kazi ya kuwakusanya itakuwa yako.