Unautaka ujenerali? Sikiliza kwanza ya Mzee Musuguri

Vijana wa mtaani kwetu wakishajua niliwahi kuvaa gwanda, swali huwa lile lile: "Afande, mtu anafikaje ujenerali?" Nami huwajibu kwa habari za Mzee David Musuguri, jenerali wa jeshi letu la Tanzania.

Alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942 akaingia KAR, jeshi la mkoloni, akiwa askari wa kawaida kabisa, akapelekwa vitani Madagaska. Hebu piga hesabu: Nyerere alipomteua kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980, mzee alikuwa na miaka 60. Katikati hapo kuna miaka ya kufundisha askari wapya, tena chini ya Mwingereza aliyembania Mwafrika vyeo vya juu.

Wewe umemaliza JKT juzi, unautaka ukapteni kesho!

Nilichokiona kambini ni hiki: anayepanda ni yule anayeweza kumfundisha mwenzake. Mbio tunakimbia wote. Lakini koplo anayebaki na kuruta jioni, wenzake wakiwa wameshaoga, akimwonyesha tena kufungua na kufunga bunduki bila kumtukana, huyo wakubwa wanamwona hata asipojitangaza.

Tazama Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Brigedi yetu ya 201, iliyojaa mgambo ambao hawajawahi kuonja vita, ilikutana na askari wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, ikatawanyika. Musuguri ndiye aliyekuwa kamanda wa Divisheni ya 20, kikosi kikubwa kilichokuwa na brigedi hiyo ndani yake. Ikaagizwa Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali pembeni, igeuke ipige kwa ubavuni. Na wale wale wa 201 waliokimbia wakapangwa upya, wakarudishwa wapige kwa mbele. Adui akavunjika. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Kumrudisha mstarini mtu aliyekimbia jana si kazi ya sauti kubwa tu, na mimi naamini ile miaka ya ualimu ilimsaidia mzee.

Jambo jingine: akitokea mtu anayedai ana mjomba makao makuu, umpe laki kadhaa akupitishe, achana naye. Nafasi za JWTZ hutangazwa hadharani, haziuzwi. Hela hiyo nunua raba za mazoezi. Na hakikisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa ni lile lile la cheti cha kidato cha nne, ulishughulikie mapema, kabla tangazo halijatoka.