Kihisi kinatuma 1013.25, kompyuta inaonyesha 13.25

SWALI: Nina kihisi cha kidijitali cha mgandamizo wa hewa kinachotuma vipimo kwenye kompyuta kwa waya, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila ujumbe una sura hii: #1013.25*090, kisha herufi ya kumaliza mstari. Mara nyingi programu niliyoiandika huonyesha hektopaskali 1013.25 kama inavyotakiwa, lakini mara nyingine huonyesha 13.25, au 10 peke yake. Je, kihisi kimeharibika?

JIBU: Kwa dalili ulizozieleza, kihisi chako ni kizima, kasoro imo katika programu, ambayo inasoma ujumbe kabla haujafika wote. Katika mawasiliano ya aina hii herufi husafiri moja baada ya nyingine, na kila moja kwa kawaida huchukua biti 10, yaani biti ya kuanzia, biti 8 za herufi yenyewe na biti ya kumalizia, hivyo ujumbe wako wenye herufi 13 huhitaji takribani milisekunde 13.5 ili ufike. Programu ikichungulia katikati ya muda huo hukuta #10. Ikirudi hukuta 13.25*090, na kila kipande hukichukulia kuwa kipimo kamili.

Iandike upya ili ikusanye herufi kwenye hifadhi ya muda, ianze ujumbe mpya kila inapokutana na alama ya #, na isiguse tarakimu hata moja mpaka herufi namba 13 ya ASCII (msimbo unaoipa kila herufi namba yake), ile ya kumaliza mstari, iwe imefika.

Nakusihi pia usizitupe zile tarakimu tatu za mwisho (090), kwa kuwa ndizo ushahidi pekee ulio nao kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Nimezijaribu kwenye mfano wako: misimbo ya herufi za 1013.25 ni 49, 48, 49, 51, 46, 50 na 53, ambayo jumla yake ni 346. Jumla hiyo huhifadhiwa kwenye baiti moja, isiyoweza kuzidi 255, kwa hiyo ukitoa 256 inabaki 90, ndiyo ile 090. Hesabu isipolingana, acha ujumbe wote na usubiri unaofuata, wala usijaribu kuutengeneza. Hata hivyo, jumla ya namna hii haijali mpangilio, kwani 1031.25 nayo hutoa 90 ileile. Ndiyo maana Modbus RTU, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya vifaa vya viwandani, hutumia CRC ya biti 16, yaani hesabu ya ukaguzi inayojali mpangilio, ambayo hugundua hata herufi zilizobadilishana nafasi. Kihisi chako kikikuruhusu kuichagua, ichague, hasa ikiwa waya ni mrefu au unapita karibu na mota.